Kura za Jumamosi

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, ngazi zinatumaliza, na Mama anakusalimu mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kwenye karatasi hii. Magoti yake yamevimba tena, kwa hiyo sasa anashuka kutoka ghorofa ya tatu mara moja tu kwa siku, na kila kipandio anakitukana peke yake. Anasema usiende kazini na tumbo tupu. Anasema pia amechoka kutusikia tukikatiana simu kwa ajili ya watu wa kwenye televisheni, na kuanzia leo ubishi wote wa "Waliobaki" uandikwe barua. Simu ibaki ya salamu na magonjwa. "Mtu akiandika," anasema, "hasira inapoa kabla hajabandika stempu." Basi mimi mtoto mtiifu nimekaa, nimeandika.

Ukumbi wa chini sasa una televisheni kubwa, jengo zima tunaangalia pamoja Jumamosi jioni. Mhasibu wa ghorofa ya nne alikuwa hajawahi kuiona, ikabidi nimsimulie toka mwanzo: mji umeteketea, dereva wa basi akawapeleka abiria wake kwenye kiwanda kikuukuu cha saruji chenye ukuta na kisima, na kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani, akawa kiongozi. Nikamweleza na habari ya Mkunga, yule mama mbishi asiyetaka lango lifungwe hata kuku akipita. Mhasibu akaniuliza, "Sasa wewe uko upande gani?" Nikamwambia swali gani hilo, mimi ni mtu wa Dereva tangu siku ya kwanza.

Tumebuni mchezo. Kipindi kikiisha tunazima televisheni, tunapiga kura: nani alikuwa na haki? Jumamosi iliyopita ni pale Dereva alipowafungia lango wale waliotoka jangwani. Dereva alishinda kwa mbali. Mama peke yake alinyoosha mkono kwa ajili ya Mkunga, akanyoosha na wa pili, tukacheka mpaka Mhasibu akapaliwa.

Najua huko uliko mmetangulia vipindi kadhaa. Kiapo chetu ni kile kile: usinitobolee. Mama ameongeza adhabu, atakayetoboa hadithi si mwanawe kwa wiki nzima.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda


2 Machi

Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilifika imelowa kona moja lakini maneno yote yapo, pamoja na ya kipuuzi. Mimi ni mzima. Bado niko meza ya kukatia, vitambaa vinapangwa tabaka juu ya tabaka, kisu cha umeme kinapita mara moja. Nikiteleza kidogo tu nimeharibu mashati ya shule nzima, kwa hiyo msimamizi wetu haruhusu mtu kuongea mezani. Maongezi tunayaweka mpaka chakula cha jioni, na huko bwaloni, wasichana wa zamu yangu wako tayari kurushiana sahani kwa ajili ya Dereva wako.

Sasa nisikilize. Simkatai Dereva. Ana akili, hana makuu, analala wa mwisho. Lakini wale watu aliwapakia kwa sababu walikuwa kituoni. Si kwa wema wao, si kwa kazi zao. Wangechelewa kidogo, wao ndio wangekuwa nje wanagonga lango, na hao wa jangwani wangekuwa ndani wanapiga kura. Mkunga analiona hilo na nyinyi hamlioni, mmekaa mnacheka na mnampaliza Mhasibu wa watu.

Kiapo nimekishika. Natafuna ulimi. Ila ningekuwa wewe nisingejisifu mapema.

Mwambie Mama nakula asubuhi. Mpake yale mafuta niliyomletea, asiyaweke kabatini kama pambo. Na nimesikia kwa msichana mmoja wa huko kwetu kwamba mabomba yanatoa maji kwa kusuasua. Ni kweli? Hukuandika.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu ilikuwa haijawa habari. Sasa ni habari. Mabomba ya mji yamekauka kabisa. Malori ya maji yalikuja mara mbili yakaacha kuja. Redio inasema tusubiri. Maduka mengi ya barabara kuu yameshusha shata, na umeme unakuja kwa saa chache.

Lakini usiwe na hofu, jengo letu lina kisima, na kisima kina fundi, na fundi ni mdogo wako. Pampu ilikuwa imelala tangu mwenye jengo alipohama, nikaivua yote, nikabadilisha mpira na waya, ikanguruma. Watu walinipigia makofi kwenye ngazi, Dada, kama nimefunga bao. Tangu siku hiyo wananiita Dereva. Najifanya sipendi.

Tatizo ni moja. Maji ya chini ni machache. Yakishuka kupita pale pampu ilipo, pampu inavuta hewa, inapata moto, inaungua, na ikiungua hakuna duka la kununua nyingine. Watu wa kichochoro cha nyuma walikuja na ndoo, tukawapa. Kesho yake wakaja na ndugu zao. Jumamosi kipindi kilipoisha, kabla hatujapiga kura ya mchezo, Mhasibu akasimama akasema, "Kwa nini tunapigia kura kisima cha kwenye televisheni na chetu tunakiacha?" Watu wakasogeza mabenchi karibu. Kisha wakanichagua niwe mwenyekiti. Tulikubaliana madumu mawili kwa kila mlango, na lango lifungwe.

Najua utakalosema. Lakini Mkunga ana huruma ya mtu asiyeshika funguo. Ukizishika zinakuwa nzito.

Likizo yako vipi? Ulisema mwezi wa sita.

Mama hajambo.

Kitinda


18 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima, kazi ile ile, mkono wa kulia unakufa ganzi jioni lakini asubuhi unafufuka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniandikia pampu toka mpira mpaka waya, umeniandikia makofi, halafu mwishoni kabisa, "Mama hajambo," kama mtu anayegonga muhuri. Barua ya kwanza alikuwa anatukana vipandio. Yuko wapi yule? Simu yake nimepiga, hailii. Naomba aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake, hata kama ni wa kunitukana.

Na sasa ubishi, kwa kuwa ndio tuliopewa ruhusa. Unasema mmepiga kura. Waliopiga kura wote wako ndani ya lango. Mkono wa aliye nje ulionekana wapi? Tukiwa tunabishana juu ya watu wa kubuniwa ni raha, maana kipindi kikiisha waigizaji wanavua nguo za vumbi wanakwenda kula. Wale wa kichochoroni unawafahamu. Fundi viatu alikushonea raba zako mpaka zikawa hazina sehemu ya kushona. Mkewe si ana mimba?

Sisemi uiunguze pampu. Najua kitu kikiungua kimeungua. Nasema kaa nao, wape siku yao, wape hata dumu moja la aibu. Na uache kuitwa Dereva. Mpaka sasa nilidhani ni utani mtamu. Usiku ule ule niliposoma, wenzangu waliniuliza mbona sicheki.

Nijibu kuhusu Mama kwanza, mengine baadaye.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Simu ya Mama haina chaji. Umeme ukija tunaupa pampu kwanza, televisheni pili, na ukibaki ndipo simu. Usinicheke. Watu wasipopata "Waliobaki" Jumamosi wanapandana vichwani. Mama hajambo kweli, ila anasema macho yanamuuma mbele ya kioo cha televisheni, siku hizi hashuki. Jumamosi anabaki juu peke yake. Nilimpa karatasi akuandikie, akasema ataandika akiwa na la kusema.

Sasa nikueleze, na usinikatie barua kama simu. Kuna mtu anatoa maji nje. Nimepima tangi mwenyewe, linapungua kuliko madumu tunayogawa. Wiki iliyopita pampu ilivuta hewa, nikaisikia ikilia, nikakimbia ngazi zote nikaizima na kiganja kikabaki kwenye chuma. Nina malengelenge hadi leo. Ningechelewa kidogo jengo zima lingekuwa kichochoroni na ndoo zake. Kuna watoto humu, kuna mgonjwa wa figo ghorofa ya kwanza. Mhasibu akataka sheria kama ya kiwandani: atoaye maji nje, naye aende nje. Tukapiga kura. Ikapita. Mimi ndiye niliyeitangaza.

Ni rahisi kuwa Mkunga ukiwa mbali, Dada. Huko mnafungua bomba mnanawa.

Na sasa nitafanya jambo la aibu. Kwenye kipindi chetu tumefika pale Dereva anapogundua kwamba mmoja wa watu wake anatoa maji kwa siri. Hajajua ni nani. Nyinyi mlishapita hapo zamani. Naomba uvunje kiapo. Anafanya nini? Humu hakuna anayenisikiliza mimi kama wanavyomsikiliza yeye. Nikijua mapema nitajua niwaongoze vipi.

Hukunijibu habari ya likizo.

Kitinda


1 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo.

Ni Mama. Unajua ni Mama, nami najua kwamba unajua. Macho gani yanayomuuma? Mwaka jana alitia uzi kwenye sindano mimi nikiwa nimeshindwa. Habaki juu kwa ajili ya kioo. Anabaki kwa sababu saa ile nyinyi nyote mko ukumbini mmekodoa macho, na dirisha la jikoni linatazama kichochoro. Hata kamba ninaijua, ni ile ya kuanikia nguo. Tulipokuwa wadogo alimshushia chakula yule mama wa chini aliyefungiwa na mumewe wa pili, kwa kamba hiyo hiyo, na Baba akiwa mezani anasoma gazeti.

Umeniuliza Dereva anafanya nini. Haya, natoboa, na adhabu ya Mama nitaibeba.

Anamgundua. Ni mzee mmoja, yule mpishi. Watu wanataka atolewe. Dereva anakwenda langoni na funguo, wote wanadhani anamtoa mpishi. Anafungua mbawa zote mbili za lango, anawaita wa nje. Na kumbe miongoni mwao kuna wachimbaji, watu wa kazi, wanachimba kisima cha pili ndani ya ukuta, na maji yanapatikana. Mkunga analia. Watu wanambeba Dereva mabegani. Ni kipindi kizuri kuliko vyote, bwalo zima lilisimama.

Basi umejua. Fanya kama yeye. Waambie wasubiri, waambie umeambiwa na mtu aliyeona. Wape wa nje zamu yao, na wewe fundi utajua kuipumzisha pampu katikati. Na Mama umzungumzie kwa upole, usimpandishie sauti, mwambie tu umejua. Atacheka atakuonyesha fundo alilofunga.

Nakuomba, nakuomba, mdogo wangu.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Ulinidanganya.

Nilisimama mbele ya watu wote nikawaambia. Sikusema nimesikia, nilisema najua. Niliwasimulia mpishi, wachimbaji, kisima cha pili, mpaka watu walipangusa machozi. Mhasibu mwenyewe akasema kama ni hivyo tujaribu. Tukafungua lango. Wa kichochoro waliingia kwa foleni, wakashukuru, fundi viatu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuwa nimelala vizuri kama wiki ile tangu mabomba yakauke.

Jumamosi kikaja kipindi chenyewe. Ukumbi ulijaa, hata wa nje tuliwaingiza. Dereva akamgundua mpishi, watu wakanitazama wakitabasamu. Akaenda langoni na funguo, wakazidi kutabasamu. Akafungua kilango kidogo, akamsukuma mzee wa watu nje, akafunga. Na saa ile ile wa nje wakavunja ukuta, wakaua walinzi, wakachafua kisima. Kipindi kikaisha kwa Dereva kusema, "Ningemtoa mapema." Watu wakageuka. Walianza kuwatazama wa kichochoro waliokaa nao mabenchi yale yale, kisha wakanitazama mimi.

Mhasibu hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, "Kiongozi wetu anaongozwa na barua." Wa nje walitoka bila kuambiwa. Lango likafungwa.

Halafu Mama akasema. Alikuwa ameshuka siku hiyo, kwa sababu lango lilikuwa wazi na hakuwa na cha kuficha. Alikaa kiti cha nyuma. Akasema, bila kusimama, maana magoti hayakubali, "Msitafutane. Anayetoa maji ni mimi, na nitaendelea kutoa." Walimwomba aseme hatarudia. Nilimwomba mimi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umenyonya, ukalia, nikaamka. Mtoto wa fundi viatu naye analia."

Sheria niliitangaza mwenyewe. Kura ni kesho. Ukisoma hapa itakuwa imepita.

Unajua kinachoniuma? Ungeniambia ukweli, ningejua nijipange. Ungeniambia, "Dereva atamtoa, nao watamshangilia, kwa hiyo usiwaache wakiangalie." Ningeikata waya ya televisheni. Ni kazi ndogo, naijua.

Kitinda


13 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata leo. Nimepiga simu ya Mama, yako, ya duka la pale kona, hakuna iliyoita. Naandika nikijua naandika nyuma ya mambo.

Nilikudanganya. Nilikiona kipindi kile mwezi wa tatu, bwalo zima lilishangilia mpishi alipotolewa, nami niliinuka nikaenda kuosha sahani isiyo yangu. Nilidhani ukimwona Dereva mwema utakuwa mwema. Nilikutendea kama mtoto anayepewa dawa ndani ya sukari. Ningekwambia tu: achana na Dereva, muulize Mama.

Na likizo. Hakuna likizo. Nilisaini mkataba mpya mwezi wa pili na nikaogopa kuwaambia. Ulikuwa na haki, ni rahisi kuwa Mkunga ukiwa mbali. Sasa nimemwambia msimamizi nataka kuondoka, ananizungusha, pasipoti yangu iko kwenye kabati lao. Nitaipata. Naapa nitaipata.

Lakini wewe uko hapo. Sikiliza, Kitinda. Kama kura haijapigwa, kataa kuihesabu. Kama imepigwa, ifute. Na kama ameshatolewa, shuka sasa hivi, barua hii ikiwa mkononi, ufungue. Wewe ndiye fundi. Bila wewe wana shimo lenye chuma ndani yake, wanajua hivyo, ndiyo maana wanakuogopa kuliko unavyowaogopa. Wakikuuliza ni sheria gani, waambie ni mama yako.

Sijui kama bado ananisalimu.

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimeshika simu mara nyingi kukutafuta, ikiita tu nakata mwenyewe. Habari hii nimeshindwa kuisema kwa mdomo. Kaa chini.

Mama amefariki.

Nitakuandikia yote, hata ambayo ungependa nisiandike. Kura zililingana. Sikutarajia. Nilitarajia wengi wamtoe nami nishindwe kwa haki, au wengi wamwache nifurahi. Zililingana, na mwenyekiti ndiye anayeamua. Mhasibu akaniangalia. Nilifikiri hivi: nikimtetea watasema damu ni nzito, sheria imekufa, kila dirisha litashusha kamba, pampu itaungua. Nikinyoosha mkono wataniamini, nami baada ya wiki mbili tatu, mambo yakipoa, nimrudishe kimya kimya. Nilikuwa nimeshaipanga hata siku. Nikanyoosha mkono, Dada. Mama alikuwa ananitazama. Hakushangaa, na hilo ndilo sitaweza kukueleza.

Aliomba nimbebee begi kwa sababu ya magoti. Nikalibeba. Tulishuka polepole, ameniegemea bega, na hakutukana kipandio hata kimoja. Langoni akaniambia nile vizuri, nimekonda. Fundi viatu na mkewe walimpokea, wakampa kitanda chao.

Kule walikuwa wanachota maji machafu ya mfereji wa nyuma ya karakana. Wanachemsha kuni zikipatikana. Kila asubuhi nilikuwa nafika langoni na dumu langu mwenyewe, la mgawo wangu, nikasema mgawo wangu nina haki nao. Mama aliyakataa. Alimtuma mke wa fundi viatu aje kuniambia kwamba hatakunywa maji ambayo watoto wa pale hawanywi, nikitaka kuleta nilete ya wote. Sikuleta ya wote. Niliendelea kusubiri mambo yapoe. Akaanza kuhara. Nilisikia siku ya pili. Nilikwenda kwa Mhasibu kuomba kikao, akasema vikao ni Jumamosi.

Barua yako ilifika jana, Ijumaa mchana. Niliisoma pale pale kwenye ngazi. Nilikuwa bado naisoma fundi viatu alipogonga lango. Hakupiga kelele wala hakunilaumu. Alisema, "Bibi ametutoka alfajiri. Tumekosa maji safi. Si ya kunywa, ni ya kumwoshea."

Nilifungua. Nilifungua lango lote, mchana kweupe, watu wako madirishani, nikabeba madumu manne kutoka kwenye tangi, mawili ya Mama na mawili ya watoto, nikayapeleka mpaka mlangoni mwao. Mke wa fundi viatu na jirani zake wakamwosha. Tukamzika jioni ile, watu wa kichochoro na mimi. Kutoka jengoni hakuja mtu, ila yule mgonjwa wa figo alisimama dirishani muda wote.

Niliporudi Mhasibu alikuwa kwenye ngazi. Alinipa pole, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema sheria haina jina la mtu, na kwamba ameshawatangazia wote kura juu yangu.

Leo ni Jumamosi. Kutoka hapa nilipo nasikia wanapanga mabenchi. Umeme umekuja, kwa hiyo wataangalia kipindi kwanza, halafu wataniita. Nimeiacha pampu inafanya kazi, sijaigusa, ingawa umesema wananiogopa. Watoto wa humu wanayanywa maji yake vile vile.

Ukiipata pasipoti usije jengoni. Uliza kwa fundi viatu.

Mdogo wako